Maganda Mabichi ya Matanga

Habari ya kifo ilinikuta jikoni, nimekaa kwenye kigoda namenya ndizi za mchana. Jirani yangu hakupiga hodi kama kawaida yake. Alisimama mlangoni, kashika khanga yake kifuani, akaniambia kwa sauti ya chini, "Mwenzangu, Mzee wa Maganda katutoka." Alisali alfajiri msikitini, akarudi nyumbani akilalamika kwamba kifua kinambana, akajilaza kwa ubavu, na kabla jua halijapanda sawasawa alikuwa ameshakwenda. Nilibaki na kisu mkononi na maganda ya ndizi yamenijaa mapajani, nikawa sijui niyapeleke wapi. Kwa miaka mingi maganda ya nyumba yangu yalikuwa na mwenyewe. Mchana yanaingia kwenye ndoo nyuma ya mlango, alasiri mwenyewe anapita na guta lake, lile la kupiga pedali lenye tela la mbao, anaimwaga ile ndoo, anaisuuza kwa maji yangu na kuirudisha mahali pake. Nililia, msomaji wangu. Nililia na maganda mapajani, na wala sioni haya kuliandika hilo gazetini.

Mnaonisoma kila wiki mnajua kwamba sina desturi ya kutaja watu majina, na leo desturi hiyo hainisumbui hata kidogo, kwa sababu hata sisi tuliokaa naye mtaa mmoja, huku ndani ya Mbagala njia ya kwenda Chamazi, jina lake kamili wengi tulilisikia kwa mara ya kwanza sheikh alipolitamka makaburini. Alikuwa Mzaramo wa hapa hapa, mtu ambaye mababu zake walizikwa katika ardhi hii kabla haijaitwa jiji. Nguvu zake za ujana aliziacha sokoni Temeke, akipakua magunia kutoka kwenye malori ya mikoani. Huko ndiko alikoanza kuyatazama yale ambayo kila mtu pale aliyaona uchafu: maganda ya ndizi, majani ya nje ya kabichi, maganda ya mahindi mabichi, vikonyo vya matembele, vyote vimerundikwa nyuma ya vibanda vinaoza na kuleta nzi. Akanunua kondoo wawili. Watu wakamcheka, kwa maana Mzaramo na kondoo ni wapi na wapi? Kondoo wakala vikonyo vya matembele, wakazaa, na baadaye akawabadilisha wanane kati yao kwa ndama jike mweusi mwenye baka jeupe usoni. Yule ndama ndiye ng'ombe nitakayemzungumzia leo, maana siwezi kumkumbuka marehemu bila ng'ombe wake, kama ambavyo huwezi kumkumbuka seremala bila kugusia randa.

Mimi na yeye tulijuana kwa sababu ya gunzi. Nilikuwa nimehamia mtaani si muda mrefu, nimesimama kwa mchoma mahindi natafuna hindi langu, na nilipomaliza nikanyoosha mkono kulitupa gunzi mtaroni. Sauti ikaniambia kutoka nyuma, "Mwanangu, hilo gunzi una kazi nalo?" Nikageuka, nikamwamkia, nikamuuliza gunzi nalo linaweza kuwa na kazi gani. "Kwako halina," akasema. "Kwangu yuko mtu analipenda." Nikampa, na moyoni nikamwonea huruma, nikidhani nyumbani kwake kuna bibi kizee mwenye njaa anayetafunatafuna magunzi. Wiki iliyofuata nilipelekwa kwake kununua maziwa, nikamkuta amekaa chini na kinu, anayatwanga magunzi mpaka yanalainika, na huyo "mtu" wake amechungulia juu ya mbao za banda, anamsubiri kwa macho makubwa ya upole. Nilicheka mpaka nikaegemea ukuta. Yeye hakucheka. Alichota unga ule wa magunzi, akauchanganya na pumba za mahindi na mashudu kidogo ya alizeti, akaninyooshea beseni. "Haya, mpe mwenyewe," akasema. "Ukishampa hutamcheka tena." Nikampa, na kweli sikumcheka tena.

Uwanja wa nyumba yake ulikuwa mdogo kama uwanja wa nyumba yoyote ya huku kwetu, ukuta wa jirani kushoto na wa jirani kulia, na nyasi za kulisha hata sungura hazikuwapo. Wanyama wale waliishi kwa kile tulichobakiza sisi. Mzee alikuwa anakusanya, lakini mwenye mkono wa kulisha alikuwa mkewe. Yeye mwenyewe alikuwa akisema, "Mie mchukuzi tu. Mwenye ng'ombe yuko ndani." Ndiye mkewe aliyenionyesha kwa nini bati la banda lao lilikuwa limefunikwa maganda ya mihogo siku zote, jambo ambalo mtaa mzima ulilifanyia masihara, wakisema mzee yule anaezeka kwa mihogo. Ganda la muhogo likiwa bichi lina sumu, alinieleza, na jua ndilo linaloitoa. Alikuwa akipanda kwenye ngazi, anachukua ganda moja, analikunja kwa vidole. Likipinda, linabaki juani. Likivunjika kwa mlio kama biskuti, linashuka kwa ng'ombe. Mzee wa Maganda aliyabeba yangali yanatoka maji kutoka kwa mama anayekaanga mihogo kwenye kona ya barabara, rafiki wa mkewe tangu usichana wao. Kila mtu aliyaona yakiondoka pale mabichi kwenye guta. Yalichofanyiwa baada ya hapo, juu ya bati, wachache sana walikuwa na sababu ya kukifuatilia.

Alikuwa na mtani wake, jirani wa nyumba ya nne, Msukuma fundi wa kuchomelea mageti. Wasukuma na Wazaramo, kama mnavyojua, hawasalimiani bila kutukanana, na hawa wawili walikuwa hawawezi kumaliza siku bila kufanya hivyo. Msukuma alikuwa akisimama kwenye geti na kupaza sauti ili mtaa mzima usikie, "Nyie Wazaramo ng'ombe mnamjua akiwa juu ya sinia! Huyu mnyama umemwiba wapi?" Mzee naye anamjibu huku anaendelea na shughuli zake, "Na nyie mnajua kuwahesabu tu. Maziwa mnakuja kunywa kwangu." Ramadhani ndiyo iliyokuwa msimu wao mkubwa wa utani. Mnajua mwezi ule uswahilini kwetu: kuanzia baada ya adhuhuri kila uwanja una mwanamke anamenya kitu cha futari, mihogo, magimbi, viazi vitamu, ndizi mzuzu, na guta la mzee lilikuwa halitoshi, anakwenda na kurudi akiwa na swaumu yake na jasho lake. Msukuma akawa anatangaza kwamba mtaa huu wote umefunga isipokuwa ng'ombe wa Mzaramo, na kwamba atamshtaki kwa sheikh. Mzee alicheka kwa hilo kila mwaka kama vile analisikia leo. Asubuhi ya Idi, kabla ya kuvaa kanzu, alikuwa akipita na dumu nyumba kwa nyumba, na kila mlango uliompa maganda ulipata maziwa ya chai ya sikukuu. Alikuwa hapimi na hachagui. Nyumba iliyotoa ndoo kila siku na nyumba iliyotoa maganda ya machungwa mara moja kwa mwezi zilipata kikombe kile kile. Niliwahi kumwambia kwamba hesabu zake ni mbovu, akanijibu, "Ng'ombe wangu hajui lipi lilitoka kwa nani. Mie nijue ili iweje?"

Nikiwa msichana nilikaa Sinza kwa mama yangu mdogo, na wengine wenu mtashangaa nikiwaambia kwamba asubuhi za pale tuliamshwa na ng'ombe. Watumishi wa serikali walikuwa wanafuga nyuma ya nyumba zao, mke anakamua kabla ya kwenda ofisini. Leo ukipita Sinza utaamshwa na spika za baa. Silalamiki, mji ni lazima ukue na watu ni lazima wanywe, ila naona kilichopotea si ng'ombe peke yake. Zamani ganda lilikuwa na pa kwenda, na kwa hiyo mtu wa nyumba hii alikuwa na sababu ya kusimama kwenye mlango wa nyumba ile. Miaka hii ya mwisho Mzee wa Maganda alikuwa anakwenda mbali zaidi na kurudi na kidogo zaidi. Nyumba mpya za huku zina mageti marefu na walinzi wanaomwambia mama hayupo. Maganda yanatiwa kwenye mfuko mmoja na nepi za mtoto na vipande vya plastiki, na ng'ombe akimeza plastiki ndiyo basi tena. Nilimkuta siku moja ameinama kando ya jalala anachambua, kipande cha ganda huku, kipande cha nailoni kule, na jasho linamdondoka puani. Nilimwambia apumzike. Akasema, "Nikipumzika mie, yeye atakula nini?" Sasa amepumzika, na swali lake lilibaki pale pale uwanjani kwake, na ndilo lililotuumbua.

Tulimzika alasiri ya siku ile ile. Mtoto wao wa pekee ameolewa Tanga, akawahi kufika kwa shida. Turubai lilifungwa mbele ya nyumba, wanaume wakakaa nje, sisi wanawake tukajaa ndani, na mjane akakalishwa kwenye mkeka pembeni ya ukuta, kavishwa nguo nyeupe ya eda. Mnazijua taratibu zetu, na mimi nazipenda, maana sijaona mahali pengine ambapo mtu anafiwa na mtaa mzima unaacha kazi zake. Mfiwa hashiki ufagio. Hachoti maji, hapiki, hata kikombe cha chai anashikiwa mpaka mdomoni. Kufanya kazi ukiwa umefiwa ni aibu, na aibu yenyewe si yako, ni ya majirani, kwa sababu mpita njia atasema huyu mama hana watu. Basi mjane yule alikaa. Ila nyuma ya nyumba kulikuwa na ng'ombe mwenye mimba kubwa, amekaushwa maziwa, anasubiri kuzaa, na tangu mauti yaingie nyumba ile hakuna aliyemlisha inavyotakiwa. Siku ya mazishi vijana walimtupia nyasi chache, kondoo wakazimaliza. Alilia usiku kucha, na asubuhi ya siku ya pili alikuwa bado analia.

Nilifika asubuhi hiyo nikakaa karibu na mjane. Uso wake ulikuwa haupo nasi, masikio yake yote yalikuwa nyuma ya nyumba. Akauliza, "Ng'ombe kapewa nini?"

"Tulia, wifi yangu," akajibu dada wa marehemu, mwanamke mkubwa wa mwili na wa sauti, aliyekuwa msimamizi wa kila kitu pale ndani. "Hayo mambo yana watu wake. Kashashiba."

"Nataka nikamwone tu. Narudi sasa hivi."

"Unakwenda wapi na msiba mbichi? Watu watatuonaje, mfiwa yuko bandani na sie tumenyoosha miguu?"

Mjane akaanza kulia, na mikono mitatu minne ikamshika mabega, na kila mwenye mkono akamwambia nyamaza, nyamaza mama, ni kazi ya Mungu. Akanyamaza. Nami nilisema nyamaza, kwa sababu ndivyo tunavyosema.

Kumbe ng'ombe alikuwa amekula kweli. Chai ya wafiwa asubuhi ile ilikuwa ya rangi na mihogo ya kuchemsha, gunia zima lilimenywa uwanjani, na aliyeongoza kumenya alikuwa ni yule rafiki wa mjane, mkaanga mihogo wa kwenye kona. Alipomaliza akalitazama rundo la maganda, akamsikia ng'ombe analia, na akafanya jambo ambalo yeyote aliyempenda marehemu angelifanya. Miaka yote ng'ombe huyu amekula maganda yake. Aliyakusanya kwenye beseni kubwa la kufulia, akayapeleka mwenyewe, akamsimamia mpaka akayamaliza, na akamwambia pole. Alitusimulia hayo baadaye. Alisema alijisikia vizuri kwamba walau kuna mtu mmoja katika nyumba ile amemfanyia marehemu kitu ambacho marehemu mwenyewe angekifurahia.

Chai ilikuwa bado inaendelea kugawiwa tuliposikia kishindo nyuma ya nyumba, na sauti ya mwanaume, "Ng'ombe kaanguka!" Wanaume wakatoka turubaini mbio. Tulipochungulia dirishani tulimwona amelala ubavu, mdomo umejaa povu, pumzi inamtoka kwa nguvu kama mtu aliyekimbizwa, miguu inapigapiga mbao. Mdogo wa marehemu akapiga kelele, "Leteni kisu! Kisu haraka, asije akafa kibudu!" Na hapo kila mtu alimwelewa. Mnyama akifa kabla ya kuchinjwa ni nyamafu, haliwi, ni hasara tupu. Akichinjwa angali na roho, nyama yake ni halali, na msiba ule ulikuwa na watu wa kulishwa. Kisu kikubwa cha jikoni kikaletwa. Mjane aliinuka mkekani, na safari hii mikono iliyomshika haikumweza. Alipita katikati ya wanaume na nguo yake nyeupe ya eda, mtu ambaye hakutakiwa hata kuonekana nao, akapiga magoti kwenye samadi na kukiweka kichwa cha ng'ombe mapajani mwake.

"Kala nini?" akauliza.

Akajibu yule rafiki yake, kwa nyuma, "Maganda, shoga yangu. Maganda yangu yale yale anayokulaga siku zote."

"Ya lini?"

"Ya leo. Tumemenya asubuhi."

Mjane alifumba macho. Alipoyafumbua alisema bwana mifugo apigiwe simu, kuna sindano, mtu akiwahi ng'ombe anaamka. Ilikuwa imeshapigwa. Bwana mifugo alikuwa njiani, amekwama kwenye foleni ya Rangi Tatu. Shemeji yake, yule mdogo wa marehemu, akasogea na kisu, akamwambia kwa upole, maana hakuwa mtu mbaya, "Shemeji, anakufa huyu. Tukisubiri tutakosa vyote. Niruhusu."

"Subirini."

"Ukisubiri utapata nini?"

"Ndama anacheza tumboni. Namsikia. Nimebaki na nini mie, shemeji? Subirini."

Hapo ndipo Msukuma, mtani wa marehemu, alipofanya kitu ambacho mtani peke yake anaweza kukifanya msibani bila kupigwa. Alikinyakua kisu kutoka mkononi mwa shemeji mtu, akakiweka chini na kukikalia. "Msiba huu wa mtani wangu," akasema, "na hapa natawala mie. Mwenye kutaka kisu aniinue." Jana yake alikuwa ametuchekesha sote kwa kuigiza mwendo wa marehemu na guta lake. Safari hii hakucheka mtu. Watu wakaanza kuleta kila walichowahi kusikia kuwa ni dawa. Mmoja akaleta dafu, mwingine maji ya sukari, mwingine maziwa ya kopo. Mjane alikuwa anamfuta povu kwa upande wa nguo yake na kumwita kwa jina lake, maana ng'ombe yule alikuwa na jina, na hilo nalo silitaji. Tulisubiri. Pumzi zikaanza kupishana mbali. Kisha moja haikufuatiwa na nyingine, na mjane akabaki ameweka kiganja tumboni mwa ng'ombe, anasikilizia mpaka huko nako kukatulia.

"Haya, kafa kibudu," alisema shemeji yake, na akaondoka akienda kukaa peke yake upande wa barabarani. Msukuma aliinuka kutoka kwenye kisu, akauficha uso wake ukutani, mabega yanamtikisika. Bwana mifugo alifika akakuta tumeshamfunika kwa turubai kuukuu. Akasema kwamba hata kama angechinjwa, nyama ile asingeruhusu iliwe. Wengine walimwamini, wengine walisema anamfariji mjane tu. Vijana wale wale waliochimba kaburi jana yake wakachukua majembe wakachimba shimo lingine uwanjani, kubwa zaidi, na sisi tukarudi ndani tukiwa na misiba miwili, mmoja wenye dua na mwingine usiokuwa na neno la kuuombea.

Rafiki mtu hakurudi ndani nasi. Alikaa nje kwenye ukingo wa mtaro, shuka kichwani, na kila aliyekwenda kumwita alimwambia niacheni, mimi ni muuaji, nitakwenda vipi kumtazama yule mama usoni. Baada ya swala ya alasiri mjane mwenyewe alituma aitwe, na akasema asipokuja atamfuata mtaroni, na wifi yake achague aibu ipi anaitaka. Akaja. Alipiga magoti mlangoni, hakuthubutu kuukanyaga mkeka.

"Nimekuulia, mwenzangu. Nimekuulia kwa mikono yangu."

"Hukuniulia. Njoo hapa."

"Nilidhani namlisha."

"Najua. Ulinionea huruma. Wote mmenionea huruma." Akamvuta akamkalisha karibu yake, kisha akatutazama sisi tulioujaza ukumbi, mmoja mmoja, bila hasira yoyote, na maneno aliyoyasema nimeyabeba mpaka kwenye meza hii ninayoandikia. "Mie nilitaka nimlishe mwenyewe. Hata nisingemlisha, nikamshike tu. Toka mwenzangu amekufa sijapata pa kulilia. Hapa mkekani kila nikianza mnaniambia nyamaza. Nikajua nikifika bandani, yule hataniambia ninyamaze."

Dada wa marehemu, yule wa sauti kubwa, alifunika uso kwa mtandio. Mjane akalia, na kwa mara ya kwanza tangu msiba uanze, ukumbi ule uliojaa wanawake ulimwacha alie mpaka akamaliza.

Nimeandika safu hii si kwa ajili ya kuwakataza kupenda. Hakuna katika sisi aliyekuwa na nia mbaya, na kama ningetakiwa kuchagua kati ya mtaa unaoacha kazi zake kwa ajili ya mfiwa na mtaa unaotuma rambirambi kwa simu na kuendelea na safari, ningechagua huu wangu kila siku, na makosa yake. Lakini nimeona kwa macho yangu kwamba huruma yetu ina mikono mingi na haina masikio. Tunamnyang'anya mfiwa ufagio, tunamnyang'anya sufuria, tunamnyang'anya hata kilio chake, halafu tunajipongeza kwamba tumemsitiri. Pengine kazi ile ndogo tunayomtoa mikononi ndiyo mahali pekee palipobaki ambapo yeye na marehemu wake bado wanakutana. Mke wa Mzee wa Maganda alikuwa na mlango mmoja tu wa kuingilia kwenye msiba wake, na sisi wenye kumpenda tuliukalia.

Kondoo wamebaki, na wanakula. Mjane yuko ndani ya eda yake, na amesema wazi kwamba bandani atakwenda mwenyewe, asubuhi na jioni, na hakuna aliyembishia. Nami nina neno moja kwenu. Siku mtakapoingia kwenye msiba, kabla hamjakunja khanga zenu na kushika kila kitu, kaeni kwanza na mfiwa na mumuulize ni kazi gani anataka aachiwe. Akisema ni kuosha kikombe, mwacheni aoshe. Akisema anataka kwenda bandani, mpisheni njia.